Moshi wa Mwalimu Polepole

Kama uliwahi kujifunza udereva kwenye shule yetu, basi Mwalimu Polepole alishakutukana. Usione haya, hukuwa peke yako. Alishawatukana wahasibu, manesi, mapacha wawili waliokuja siku moja na kuacha siku moja, na hata jaji mstaafu aliyezoea watu wasimame anapoingia. Matusi yake hayakuwa ya nguoni. Yalikuwa ya kitaalamu. "Hiyo ni klachi, mama, si mende. Kanyaga, usiue." Au: "Ndugu, ukiachia klachi namna hiyo hata saa yangu inarudi nyuma." Na kila tusi alilifunga kwa neno moja, "Polepole!", alilolipigia kelele kwa kasi ambayo gari lenyewe halikuwahi kuifikia.

Mimi nilikaa mapokezi ya shule hiyo miaka kumi na miwili, meza ya kwanza ukiingia, chini ya bango la alama za barabarani. Niliandikisha wanafunzi, nikawapiga picha, nikawapa tishu waliokuwa wakishuka kwenye gari lake wanalia. Kwa hiyo nasema niliyoyaona, pamoja na machache niliyoambiwa na mke wake, mwanamke asiye na tabia ya kuongeza chumvi, kwa sababu nyumba ile chumvi yake ilishatosha.

Kitu cha kwanza kukielewa kuhusu Mwalimu ni kwamba miaka ishirini na minne alikaa kiti cha abiria. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu, na breki hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake yote: kukanyaga, kufoka, kukanyaga. Mwanafunzi ndiye aliyeshika usukani, mwanafunzi ndiye aliyebadilisha gia. Jioni mwanafunzi wa mwisho alimshusha karibu na kwake. Na nyumbani palikuwa na gari moja la familia, refu, lenye buti kubwa, na lilikuwa otomatiki. Hilo aliliendesha mke wake, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani wa sare za shule na kila wiki alikuwa na marobota ya kupeleka. Ukitaka kujua kinyozi asiyejinyoa anafananaje, ungepita pale Jumapili umwone bingwa wa klachi akisukumiwa mlango na mkewe, ameshika mkoba magotini.

Hakuna aliyelifikiria jambo hilo. Hata mimi sikulifikiria, mpaka baadaye sana.

Yote yalianza na simu. Kulikuwa na banda la mabati ambapo wanafunzi walisubiri zamu zao, na siku hiyo walikuwa wamemzunguka muuza vifuniko vya simu, naye akiwaonyesha video. Kijana fulani kwenye gari la spoti amelisimamisha papo hapo, magurudumu ya nyuma yanazunguka kama feni, moshi mweupe umejaa uwanja mzima, lami imechorwa weusi. Wanasema ni kuchoma matairi. Mwalimu alikuwa ameshaita mara mbili "Zamu ya nani?" na hakuna aliyegeuka. Akaja, akachungulia juu ya mabega yao.

"Utoto," akasema.

"Mwalimu, na hili ni gari la gia," muuza vifuniko akamwambia. "Si otomatiki. Wewe unaweza hii?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, "Siwezi, na wewe zamu yako imefika." Mwalimu akatazama mbali, kama mtu anayekumbuka vita.

"Mimi?" akasema. "Hayo niliyaacha kabla hujazaliwa."

Uongo ule ulizaliwa pale bandani ukiwa mdogo, umefungwa kwenye kanga ya maneno manne. Kufikia mwisho wa wiki ulikuwa umeota meno. Kufikia mwisho wa mwezi ulikuwa unavuta sigara. Kumbe Mwalimu ujana wake alikuwa na gari jekundu. Kumbe alichora namba nane kwa matairi mbele ya hoteli, askari wa trafiki wakampigia makofi badala ya filimbi. Kumbe moshi wake ulikuwa mzito hivi kwamba harusi iliyokuwa jirani iliahirisha picha. Mimi nilikuwa nikipiga chapa fomu zangu huku nasikia yote kupitia dirishani, na siku moja nikashindwa kujizuia.

"Mwalimu, hilo gari si ulisema lilikuwa jekundu? Leo limekuwa jeusi."

"Lilipakwa rangi, dada," akanijibu bila kupepesa jicho. "Kwa sababu ya masizi."

Wanafunzi wakaanza kumwita Mwalimu Moshi. Akapenda. Akaanza kutembea tofauti, mabega kwanza. Matusi yakapungua, isipokuwa kwa Mama Mkunga.

Mama Mkunga alikuwa mkunga wa hospitali, mama wa miaka hamsini na kitu, na alikuwa amejifunza kwetu muda mrefu kuliko mwanafunzi yeyote. Mara tatu Mwalimu alikataa kumsainia fomu ya kwenda kwenye mtihani. Sababu haikujulikana, ila mimi nadhani ni kwamba mama huyo hakuwahi kulia. "Mikono iliyopokea watoto elfu," Mwalimu alimwambia mbele ya watu, "inashindwa kupokea gia ya tatu?" Naye akajibu taratibu, akifunga mkanda, "Watoto hawanipigii kelele hivyo, Mwalimu. Na wao ndio wana sababu."

Sasa, uongo ukishakua unadai chakula. Wanafunzi wakaanza kuuliza: Mwalimu, lini utatuonyesha? Mwalimu, gari dogo la shule si litafaa? Na Mwalimu, badala ya kuumwa mgongo kama watu wazima wanavyofanya wakibanwa, akaenda kutafuta mtu aliyeumwa mgongo kweli.

Mtu huyo alikuwa mwenye duka la mapazia. Alikuwa na gari la spoti la milango miwili, la njano, la gia sita, lililolala chini kama linatafuta shilingi iliyoanguka. Daktari alikuwa amemkataza kuliingia. Alitaka gari la kawaida, refu, analoweza kukalia kama kiti cha sebuleni. Mnajua kilichofuata. Jumatano moja asubuhi, mke wa Mwalimu yuko shuleni anapima watoto viuno, wanaume wawili walibadilishana funguo na karatasi, wakapeana mikono, kila mmoja akiwa na uhakika amemwibia mwenzake.

Mkewe alinisimulia mwenyewe jinsi alivyofika nyumbani.

"Gari liko wapi?" alimwuliza.

"Si hili hapa."

"Hili nimeliona. Nauliza gari."

"Mama watoto, hili ni gari kuliko magari."

"Lina viti vingapi?"

"Viwili. Lakini ni viti vya maana."

Akafungua buti. Akaona pale ndani pangetosha paka mmoja, tena asiye na wageni. "Na marobota yangu?"

"Tutayafunga vizuri."

"Na mama yako, Alhamisi, kliniki?"

"Atakaa mbele na mimi."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Dada yangu," mke wake aliniambia, "hapo akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea kuzaliwa mtu wa tatu."

Siku ya pili Mwalimu akaja nalo kazini. Tulilisikia kabla ya kuliona, na kusema kweli sauti yake ilikuwa nzuri, nzito, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kutoa habari muhimu. Likafika kwenye geti la shule, likazimika. Likawashwa, likaruka hatua moja kama chura, likazimika. Mara ya tatu mlinzi akatoka kibandani, akauliza kama alisukume. Wanafunzi kumi na wanne walikuwa bandani wanatazama, watu ambao kila mmoja wao aliwahi kutukanwa kwa kosa hilohilo.

"Klachi ya mbio hii," Mwalimu akatangaza alipofaulu kuingia. "Haitaki ushamba."

Kushuka nako kulikuwa safari. Kwanza mguu mmoja ukatoka ukapapasa ardhi. Halafu mkono ukashika paa. Halafu tumbo na usukani vikajadiliana kwa muda, usukani ukakubali yaishe.

Ng'ambo ya barabara yetu palikuwa na kibanda cha fundi wa matairi, mwanamume wa makamo, mwenye mvi ndevuni na kipara kinachong'aa, ambaye Mwalimu alimwita "kijana" kwa sababu alikuwa amechafuka mikono. Mchana ule Mwalimu alikwenda kumwambia amfungie matairi mapya nyuma, mazuri, yenye raba nene. Nilikuwapo, nilikuwa nimepeleka gurudumu la kiti changu cha ofisini kujazwa upepo, kwa kuwa hata viti vyetu vilikuwa na panchari.

"Mapya ya nini, Mwalimu?" fundi akauliza. "Kama ni ya kuchoma, leta yaliyochakaa. Mapya ni kuyaonea."

"Nataka moshi wa heshima."

Fundi akainama, akachungulia chini ya gari, akainuka akijifuta. "Sawa. Ila Mwalimu, nikwambie kitu. Hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Na breki ya mkono inashika nyuma hukohuko. Kwa hiyo siku hiyo usije ukavuta breki ya mkono, maana utakuwa..."

"Kijana," Mwalimu akamkata, "breki ya mkono nimeifundisha miaka ishirini na minne."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

"Wewe funga matairi."

Fundi akafunga matairi. Mtu akishakataa kuambiwa, kazi inabaki kuwa bolti tu.

Baadaye ndipo tulipoelewa kiburi kile kilikotoka. Kumbe Mwalimu alikuwa amejaribu kwa siri, kwenye gari dogo la shule, asubuhi mapema kabla hatujafungua. Gari lile linavutwa na magurudumu ya mbele. Alivuta breki ya mkono, nyuma kukashikwa, akakanyaga mafuta, matairi ya mbele yakalia nusu sekunde kama panya aliyebanwa na mlango. Nusu sekunde hiyo ikamtosha. Akajiona amehitimu. Haikumwingia kwamba kwenye gari linalosukuma kwa nyuma, kuvuta breki hiyo ni sawa na kumfunga mtu miguu kisha kumwambia acheze.

Siku ikawekwa: siku ya kugawa vyeti, saa nane mchana, uwanja wa mazoezi. Mkurugenzi wetu, ambaye angekubali hata simba apande gari letu mradi kuna watu wa kupiga picha, alisema ni tangazo zuri. Ila kwa kuwa ni shule ya udereva, akaomba Mwalimu atoe kwanza hotuba ya usalama barabarani.

Akaitoa. Dakika kumi na nane. Alisema mwendo kasi unaua. Alisema gari si mchezo, gari si fahari, gari ni wajibu. Alisema ukimwona mtu anaonyesha ufundi barabarani, ujue huyo hana ufundi. Wazazi wakapiga makofi. Kisha akashuka jukwaani, akatoa mfukoni glavu nyeusi za ngozi zilizokatwa vidole, akazivaa polepole, kidole kimoja kimoja, na akaelekea kwenye gari la njano.

"Hii ni kuwaonyesha hatari," akaeleza kwenye kipaza sauti.

Koni za plastiki zilikuwa zimepangwa duara. Watu wapatao mia mbili walisimama nje ya duara hilo: wahitimu na vyeti vyao, wazazi, watoto mabegani, fundi wa matairi ameacha kibanda chake wazi. Mama Mkunga hakuwa na cheti, lakini alikuja, kwa kuwa saa yake ya mazoezi ilikuwa jioni ile. Alisimama karibu nami akila karanga. Mke wa Mwalimu hakuja. Alikuwa amebeba robota kichwani kuelekea shule fulani.

Mwalimu akafunga vioo. Injini ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda, watoto wakaziba masikio. Nikamwona kupitia kioo ananyanyua breki ya mkono kwa nguvu zote, meno nje. Fundi wa matairi naye akaona. Akavua kofia.

Kuna jambo la pili, na hili hata fundi hakulitabiri. Anayechoma matairi kwa gari la gia huachia klachi ghafla, kama mtu anayeangusha mzigo. Lakini mguu wa Mwalimu, hata kama kichwa chake kilikuwa kimelewa sifa, ulikuwa mguu wa Mwalimu Polepole. Ulikuwa umehubiriwa neno moja kwa miaka ishirini na minne. Ukaanza kuinuka taratibu, kwa adabu, nusu, robo, nusu tena.

"Anaiachia vizuri," Mama Mkunga akasema, akitafuna. "Hivi ndivyo anavyotaka sisi tuiachie."

Gari likachuchumaa. Likatetemeka kuanzia nyuma mpaka kwenye taa. Likatoa mlio wa chini, wa tumboni, wa kiumbe anayeulizwa maswali mawili kwa wakati mmoja. Magurudumu hayakusogea hata upana wa kidole. Kisha moshi ukatoka.

Ukatoka kweli! Ulitoka chini ya gari, katikati, ukapanda pembeni mwa milango, wa kijivu na mzito, na uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo. Simu mia zikainuliwa. Muuza vifuniko alikuwa akipiga kelele, "Moshi! Moshi! Moshi!" Ndani ya vioo vile Mwalimu aliona mikono ya watu, akaona moshi, akaongeza mafuta. Ungefanya nini wewe, ukishangiliwa hivyo mara ya kwanza maishani mwako?

Halafu harufu ikatufikia. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua, kwato na waya wa pasi kwa pamoja. Mama mmoja akamfunika mwanawe pua.

"Hiyo si raba," fundi wa matairi akasema. "Raba naijua. Hiyo ni klachi."

"Mwambie aache," nikasema.

"Nilimwambia akiwa na akili. Sasa hivi ana mashabiki."

Iliendelea karibu dakika moja. Kisha kitu ndani kikapiga kishindo, kikavu, kama sahani imeanguka jikoni kwa watu. Injini ikapaza sauti yake ya juu kabisa, nyepesi, haina mzigo tena. Mwalimu akaizima. Akafungua mlango, mguu, mkono, tumbo, akasimama ndani ya mawingu yake mwenyewe, akainua glavu zote mbili juu. Walimpigia makofi. Nakiri nami nilipiga mawili, kwa mazoea.

Moshi ukaanza kutawanyika. Mtoto wa kike wa miaka kama saba, binti wa mhitimu mmoja, alikwenda akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma. Matairi yalikuwa mapya vilevile, yana vile vinyweleo vya raba vya dukani. Lami chini yake ilikuwa safi, huoni hata mstari.

"Mbona halijaungua?" mtoto akauliza.

Simu zikaanza kushushwa, kutoka mbele kwenda nyuma. Mwalimu akacheka kidogo. Akarudi ndani kuliondoa gari katikati ya koni. Akawasha, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi. Injini ikavuma. Gari likakaa. Akatia ya pili. Ya tatu. Alikuwa akizungusha kile kijiti kama mtu anayekoroga sufuria tupu. Nyuma yangu mtu mmoja akaanza kucheka kwa pua, na kicheko cha pua kinaambukiza kuliko mafua. Ndani ya dakika wazee wazima walikuwa wameshikana mabega. Jaji mstaafu, niliyemsahau kabisa, alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, anajifuta macho kwa cheti chake.

Wanafunzi wakalisukuma mpaka ukutani. Mwalimu alishika usukani, dirisha wazi.

Watu walipokwisha kuondoka nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara ya mazoezi, glavu moja mkononi, nyingine sijui iko wapi. Nilimpelekea maji. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumchoma, mazuri sana, niliyatunza miaka kumi na miwili. Nikakaa naye.

"Sijawahi, dada," akasema.

"Hujawahi nini?"

"Kuchoma tairi. Hata moja. Sijawahi kuwa na gari jekundu, wala jeusi." Akanywa. "Leseni nilipata nikaajiriwa wiki ileile. Nikakaa kiti cha pembeni. Mimi mwenyewe sijawahi kuendesha zaidi ya themanini."

Yale maneno yangu mazuri yakanikauka. Mtu ukimkuta yuko uchi huna la kumvua.

"Mama watoto atasemaje?" akauliza.

"Hilo," nikamwambia, "ndilo swali la kwanza la maana umeuliza tangu Jumatano ile."

Gari lilibidi livutwe mpaka kwao. Kamba ikapatikana. Gari la kuvuta lilikuwa moja tu, gari dogo la shule lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, na saa hiyo lilikuwa la Mama Mkunga. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kupoteza saa ya mafunzo. "Fanyeni vyote viwili," akasema. Basi Mama Mkunga akashika usukani, pembeni yake akakaa Bibi Kioo, mwalimu wetu mwingine, mama mkimya ambaye kwa siku husema maneno mawili tu, "tazama kioo". Mimi nikapanda kiti cha nyuma, kwa sababu za kibinadamu na kwa sababu nisingekubali kukosa. Mwalimu akakaa peke yake nyuma yetu ndani ya gari la njano, akivutwa.

Mama Mkunga aliondoka bila mtikisiko hata chembe. Alibadilisha gia kama anamfunika mtoto shuka. Alipofika makutano ya sokoni akaonyesha taa, akapunguza, akasimama vizuri. Lakini gari lililozimwa injini breki zake huwa ngumu kama jiwe, na Mwalimu alikumbuka hilo alipokwisha kutugonga. Haikuwa ajali ya maana. Taa moja tu na heshima iliyobaki.

Mama Mkunga akashusha kioo, akatoa kichwa.

"Mwalimu," akaita, bila hasira yoyote, "umbali."

Sokoni pale wote walisikia.

Mke wake alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Alitazama kamba, akatazama kibao cha MWANAFUNZI, akatazama lile jambo la njano. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga.

"Kesho kuna marobota manne ya kwenda shule ya ng'ambo ya reli," akamwambia mumewe. "Mkokoteni nimeazima. Hauna klachi."

Wiki tatu Mwalimu alisukuma mkokoteni. Tulimwona akipita asubuhi kabla ya kazi, amevaa shati lake la shule, anakwepa mashimo, wanafunzi wanampigia honi ya upendo. Mwenye duka la mapazia alikataa katakata kurudisha gari. Alisema tangu alipoanza kulikalia mgongo wake umepona, na hataki kumkosea Mungu. Mwisho mke wa Mwalimu mwenyewe alivaa viatu vya kufunga kamba, akaenda kwa wauza magari yaliyotumika. Hakumchukua mumewe. Alirudi na gari la zamani la kusambazia mikate, jeupe, lenye milango mikubwa nyuma, likiendeshwa na muuzaji mwenyewe, na lile la njano likaondoka siku hiyohiyo juu ya lori. Lile la mikate lilikuwa la gia.

Kesho yake mke wa Mwalimu akaja kwenye meza yangu.

"Nataka kujifunza gari la gia," akasema. "Niandikishe."

"Karibu, Mama. Ungependa mwalimu gani?"

"Yeyote asiyelala nyumbani kwangu."

Nikampa Bibi Kioo. Baadaye walikwenda mtihani pamoja, yeye na Mama Mkunga, ambaye fomu yake Mwalimu aliisaini bila kuambiwa, akaiacha juu ya meza yangu na kuondoka upesi kama mtu anayeacha mtoto kwenye mlango wa kituo cha yatima. Wote wawili walifaulu.

Ungedhani hadithi hii ilimbadilisha Mwalimu. Mimi nilidhani hivyo kwa siku kama arobaini. Video ile ilikuwa imetembea mitaa yote, na badala ya kutuua ikatujazia darasa. Watu walitaka kufundishwa na yule wa moshi. Mkurugenzi akamwondoa kwenye magari, akampa darasa la nadharia na ubao mpya mweupe. Siku moja nikamsikia kupitia ukuta:

"Wengine wenu mmeiona ile video. Mnacheka. Sawa, chekeni. Lakini nilipoamua kuiunguza ile klachi mbele ya umma, nilitaka watu waone kwa macho yao madhara ya matumizi mabaya. Huo ndio unaitwa mfano hai."

Na darasa zima likaandika: mfano hai.

Jioni hiyo kijana mmoja mgeni, mhudumu wa duka la dawa, alisimama mbele ya meza yangu na kalamu mkononi. Kupitia kioo cha darasa Mwalimu alikuwa akichora sahani ya klachi ubaoni, na mishale yake, na mchoro ulikuwa mzuri kwelikweli, sijaona mtu anayechora klachi vizuri kama yeye.

"Dada," kijana akaniuliza kwa sauti ya chini, "ni kweli alifanya makusudi?"

Nilimtazama Mwalimu. Nikatazama rundo la fomu mpya, nene kuliko miaka yote kumi na miwili.

"Jina kamili hapo juu," nikamwambia, "sahihi huku chini."